KUUNGA MABAMBA YA RISASI: WAPI TULEHEMU, WAPI TUCHOME

(Maneno ya hotuba iliyosomwa na fundi mmoja wa reli mbele ya wanachama, Nairobi. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku hiyo.)

Bwana Mwenyekiti, Bwana Katibu, ndugu wanachama, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi,

Mimi si msemaji, na masomo yangu yaliishia shule ya msingi ya misheni. Yaliyozidi hapo nimeyapata kwa mkono, na mengine nimeyapata kwa kuungua. Nikikosa katika maneno, nisameheni. Lakini nikikosa katika kazi, nisimamisheni papo hapo.

Katibu ameniomba niseme juu ya kuunga mabamba ya risasi kwa sababu ya shauri lililoletwa mbele ya chama. Vijana wetu wawili wamekatwa mshahara. Walitengeneza sinia la risasi, lile linalowekwa chini ya betri kubwa ili lipokee asidi inayomwagika. Baada ya miezi michache sinia likavuja, asidi ikala sakafu ya saruji. Wakaambiwa ni uzembe wao. Mahali pale sipataji, maana shauri bado liko mezani. Mimi niliitwa nikalitazame sinia. Nilikuta viungo vimenyooka na vimejaa vizuri. Makosa hayakuwa ya mkono, yalikuwa ya amri. Vijana wale waliamriwa kulehemu mahali palipotakiwa kuchomwa, kwa kuwa lehemu ilikuwako stoo na gesi ilikuwa imekwisha.

Ndugu zangu, mtu asiyejua tofauti ya kulehemu na kuchoma hawezi kujitetea mbele ya mkubwa wake. Atakatwa mshahara na kunyamaza. Hiyo ndiyo sababu ya hotuba hii.

RISASI TUNAYOIZUNGUMZA

Risasi ninayosema si ile ya bunduki, ingawa madini ni yale yale. Ni ile inayokuja kwa mabamba yaliyokunjwa kama mkeka. Ni laini, kisu kinaikata, na mkono unaikunja. Lakini ni nzito mno. Bamba la unene wa milimita 1.8 lina uzito wa kilo 20 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Kijana akikuambia atalibeba bunda zima peke yake, jua hajawahi kulibeba.

Sisi wa Nairobi twaikuta wapi? Kwanza, juu ya paa. Katika nyumba za zamani za mawe upande wa magharibi ya mji, kama Lavington na Kileleshwa, wenye nyumba walijenga dohani kwa sababu ya baridi ya mwezi wa Julai. Pale dohani linapokutana na paa, pembe hiyo huzibwa kwa ukanda wa risasi. Pili, katika kazi ya betri, maana asidi ya betri ambayo hula chuma kwa haraka haiili risasi. Asidi ikiigusa, risasi hujifanyia ngozi ngumu juu yake, na ngozi hiyo huilinda. Tatu, katika kuta za vyumba vya eksirei hospitalini, maana miali ile hushindwa kupita katika risasi nene.

Kazi ni tatu, na kila moja ina adui yake. Juu ya paa adui ni jua. Katika betri adui ni asidi. Katika eksirei adui ni ufa. Mkifahamu adui, mtafahamu ni kiungo gani kinatakiwa.

KULEHEMU

Kulehemu ni kuunga risasi kwa kitu kingine kinachoyeyuka kabla yake. Lehemu ni mchanganyiko wa risasi na bati. Nasema bati lile madini meupe laini, si mabati ya paa. Risasi yenyewe huyeyuka kwa joto la digrii 327. Lakini mkichanganya mafungu 63 ya bati na 37 ya risasi, mchanganyiko huo huyeyuka kwa digrii 183 tu. Mnaona nafasi iliyo katikati? Katika nafasi hiyo fundi huyeyusha lehemu bila kuyeyusha bamba.

Wazee mafundi wa bomba walipenda mchanganyiko mwingine: risasi mafungu mawili, bati fungu moja. Huo hauyeyuki mara moja. Kutoka digrii 183 mpaka kama 250 unakaa kama uji mzito, na fundi aliweza kuupaka na kuuviringisha kwa kitambaa chenye mafuta ya mnyama, mpaka kiungo kikawa na umbo kama la yai.

Kulehemu kuna utaratibu wake. Kwangua bamba kwa kisu mpaka ling'ae, kwa sababu risasi ikikaa hewani hufanya ngozi ya kijivu, na lehemu haishiki juu ya ngozi. Paka mafuta mara tu ukishakwangua. Pasha chuma cha kulehemu, kisha uyeyushe lehemu iingie katikati. Usiguse mpaka imeganda. Kazi hii ni ya haraka, haitaki gesi, na haina hatari kubwa ya kutoboa bamba. Kwa mfereji mdogo, kwa kiraka kidogo kisichopigwa sana na jua, au kwa bomba la zamani lisilo la maji ya kunywa, lehemu yatosha.

MAHALI LEHEMU INAPOSHINDWA

Sasa nitawaambia kosa langu mwenyewe, msije mkadhani nasema makosa ya wengine tu.

Miaka michache iliyopita nilipata kibarua cha Jumamosi huko magharibi, kuziba paa la nyumba moja ya zamani. Nilichukua ukanda wa risasi wa mita 3, nikauweka mzima kando ya dohani, nikaulehemu pembe zote na kuupigilia misumari. Mwenye nyumba alifurahi, nikalipwa. Mvua za masika zilipokuja alinipigia simu. Maji yalikuwa yanashuka ukutani. Nilipanda juu nikakuta lehemu yenyewe haina neno, lakini kando yake bamba limepasuka kama karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Nilirudia kazi yote kwa fedha yangu, na nauli ya kutoka Kawangware nilijilipia.

Sababu ilikuwa jua. Risasi hutanuka kuliko chuma, zaidi ya mara mbili. Tufanye hesabu. Tuseme usiku ni digrii 10, na mchana bamba likipigwa na jua lifike digrii 55. Ukanda wa mita 3 utaongezeka milimita 4 karibu. Usiku unarudi. Kesho unaongezeka tena. Lehemu ni ngumu kuliko risasi, haitaki kwenda, na misumari haitaki kuachia. Basi bamba linakunjika mahali pale pale kila siku mpaka linachoka. Hata sisi tukikunja waya mara nyingi mahali pamoja unakatika.

Dawa yake haikuwa lehemu nyingi zaidi. Nilikata ukanda vipande visivyozidi mita 1.5, nikavipandanisha kipande juu ya kipande bila kuvifunga pamoja, ili kila kimoja kiwe na nafasi ya kutembea. Pembeni tu, mahali pasipoweza kukunjwa, nilichoma. Tangu siku hiyo sijapigiwa simu.

Kwa upande wa asidi, habari ni fupi zaidi. Asidi haiili risasi, lakini hula bati. Lehemu ina bati. Basi asidi huingia katika kiungo na kutafuta bati, inalitoa kidogo kidogo, na kinachobaki ni kama sifongo. Kwa macho kiungo bado kizima, lakini kimekwisha kuwa tundu. Ndiyo maana ndani ya betri yenyewe sahani za risasi huungwa kwa kuchomwa. Vijana wetu wawili walihukumiwa kwa kosa la bati. Mtu hawezi kulifanya bati lisiliwe na asidi kwa kuwa mwangalifu.

Na katika chumba cha eksirei, kiungo hakizuii maji wala asidi. Kinachotakiwa ni pasiwe na nafasi. Mabamba yapandanishwe vya kutosha, na kila msumari ufunikwe kwa kipande cha risasi, maana miali haina haja ya mlango mkubwa.

KUCHOMA

Kuchoma ni kuunga risasi kwa risasi yenyewe. Hakuna bati wala dawa. Kingo mbili huyeyuka, fundi huongeza kidogo kutoka katika kipande kilichokatwa kwenye bamba lile lile, na zikiganda zimekuwa kitu kimoja. Ufundi huu wa kutumia moto wa gesi ulianza Ufaransa katika miaka ya 1830, na ulienea kwa sababu ya viwanda vya asidi, ambavyo tangu mwaka 1746 vilikuwa vikitengeneza asidi ndani ya vyumba vilivyojengwa kwa mabamba ya risasi. Wao waliona upesi kwamba lehemu haiwafai. Leo sisi hutumia oksijeni na asetilini.

Fuateni mambo haya:

1. Kwangua kingo zote mbili juu na chini, na kile kipande cha kuongezea pia. Ile ngozi ya risasi haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 880, hali risasi iliyo chini yake imekwisha kuyeyuka kwa 327. Usipokwangua, utaona risasi inatiririka ndani ya ngozi kama maji ndani ya mfuko, na haishikani.

2. Chagua. Bamba likisimama au likiwa nene, pandanisha kingo kama milimita 25, moja juu ya nyingine. Likilala mezani waweza kuzikutanisha ncha kwa ncha.

3. Tumia pua ndogo ya gesi. Moto uwe wa kadiri, usizidi oksijeni wala asetilini. Ukizidi asetilini unaacha masizi. Ukizidi oksijeni unafanya ngozi tena.

4. Shikiza kwanza kwa matone, halafu ndipo uende mstari mzima. Gusa, yeyusha, inua moto. Gusa, yeyusha, inua moto. Atakayeukaza moto mahali pamoja atapata tundu, na tundu katika risasi hukua haraka kuliko aibu.

5. Tazama kando ya kiungo. Ukiona mfereji, bamba limeliwa na hapo ndipo litapasuka. Kiungo kizuri kimeinuka kidogo tu kuliko bamba.

6. Kazi ya paa ichomwe chini, juu ya meza, kisha ipandishwe. Chini ya risasi mara nyingi pana mbao kavu za miaka 60 au 70. Usiende na moto huko juu kama huna budi.

7. Sinia la asidi lijazwe maji kwanza, lilale hivyo usiku kucha. Asubuhi ukikuta pakavu chini yake, hapo ndipo litiwe asidi.

MOSHI

Mpaka hapa nimesema juu ya kiungo. Sasa niseme juu ya mtu anayeunga.

Nilikuwa na msaidizi, kijana mwenye bidii. Tulipewa kazi ya kuchoma masinia katika chumba kidogo kisicho na dirisha, kwa sababu nje mvua ilikuwa ikinyesha. Kazi ilichukua majuma mawili. Mimi nilikuwa nikiingia na kutoka kutafuta vifaa; yeye alikaa ndani. Akaanza kuumwa tumbo, choo kikafunga, kichwa kikauma, mkono ukawa dhaifu. Alipewa dawa za minyoo. Baadaye daktari mmoja alimwuliza swali ambalo sisi hatukulifikiri: wafanya kazi gani? Damu ikapimwa, ikakutwa na risasi. Na kwa kuwa mkewe alikuwa akifua ovaroli ile katika beseni moja na nguo za nyumbani, mtoto wao naye akapimwa, akakutwa nayo.

Kijana alitolewa kazi ile akapata nafuu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa fundi wake. Nilijua kuchoma risasi, na sikumwambia neno juu ya moshi, kwa sababu hata mimi sikuwa nimeambiwa.

Basi leo naambia nyinyi. Risasi ikipata joto kubwa hutoa moshi ambao mara nyingi hauonekani. Moto wa gesi una joto kupita mara nyingi kiasi kinachotakiwa kuyeyusha risasi. Moshi huo huingia mapafuni, na kutoka mapafuni huingia katika damu. Vumbi la kukwangua hukaa mikononi na kuingia kinywani pamoja na chapati na sigara. Baada ya muda risasi huacha damu na kuingia mifupani, na huko hukaa miaka mingi. Kwa mtoto ni mbaya zaidi, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Na sasa niseme juu ya maziwa. Karakana nyingi mchomaji hupewa pakiti ya maziwa, akaambiwa itasafisha sumu. Ndugu zangu, maziwa ni chakula chema. Mtu mwenye chakula tumboni huchukua risasi kidogo zaidi kwa njia ya kinywa kuliko mwenye njaa. Lakini moshi haupiti tumboni. Unapita puani na mapafuni, na maziwa hayafiki huko. Pakiti ya maziwa si feni. Tukipewa maziwa tushukuru, tunywe, halafu tuulize feni iko wapi. Na kitambaa cha kufunga pua hakizuii moshi huu. Kinachotakiwa ni kifuniko chenye kichujio chake hasa.

Mtu asiseme haya ni mambo ya mbali. Reli yetu inaanzia Mombasa, na huko Mombasa kuna kijiji kiitwacho Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya nyumba za watu, kikafungwa mwaka 2014. Watu wazima na watoto walikutwa na risasi katika damu. Mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda hicho, Phyllis Omido, alipoona mtoto wake amedhurika alisimama na wanakijiji. Tarehe 16 Julai 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulipingwa katika rufani, lakini mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliurudisha. Tangu kiwanda kufunguliwa mpaka hapo ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa karibu kuchukua kitambulisho.

TUOMBE NINI

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwambie msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi mahali pale mpaka hatari imeondolewa. Inasema pia kwamba aliyetoka kwa sababu ya haki asifukuzwe wala asiadhibiwe. Na mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Sheria ikikaa sandukuni ni karatasi. Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo matano:

Kwanza, hakuna kuchoma risasi katika chumba kilichofungwa pasipo feni ya kuvuta moshi.

Pili, maji na sabuni viwe karibu na kazi, na chakula kiliwe mahali pengine.

Tatu, ovaroli zifuliwe kazini, zisiende nyumbani kwa watoto.

Nne, kila mchomaji apimwe damu kabla ya kuanza kazi hii na baada ya hapo kwa vipindi, na aliyekutwa na risasi apewe kazi nyingine kwa mshahara ule ule. Bila maneno haya ya mwisho, watu wataficha ugonjwa.

Tano, amri ya kulehemu au kuchoma iandikwe kwenye karatasi ya kazi na msimamizi atie sahihi. Sinia likivuja, tutajua ni mkono uliokosa au ni amri.

Jambo hilo la tano laweza kuwarudishia vijana wetu wawili fedha zao. Nimekata kipande cha sinia lile kwa msumeno, katikati ya kiungo. Hiki hapa. Tazameni: pande zote mbili risasi ni nzima, inang'aa. Katikati, pale palipokuwa lehemu, pamekuwa na vitundu kama mkate. Nataka Katibu akichukue kipande hiki siku ya shauri, akiweke mezani mbele ya wakubwa, kisha aulize: kidole cha nani kilifanya hivi?

Nakipitisha mkononi, kila mtu akione. Sina zaidi, Bwana Mwenyekiti. Naambiwa chai iko tayari nje. Lakini aliyekishika kipande hiki asiende kwenye chai kwanza. Maji na sabuni nimeviweka pale mlangoni.